Mboga Gani Leo?

Kila jioni simu ya Dengu ilikuwa ikilia tukiwa bado mezani bwaloni, na kila jioni baba yake aliuliza swali lile lile: "Mboga gani leo?"

"Nyama, baba," Dengu anajibu, na mbele yake kuna sahani ya wali mweupe usio na hata tone la mchuzi.

Spika ya sikioni ya simu yake ilikuwa imekufa zamani, ikabaki ile ya sauti kubwa, kwa hiyo kila alichosema baba mtu tulikisikia meza nzima. Nilipolisikia jibu hilo mara ya kwanza, hata juma halijaisha tangu tufike chuo kikuu, nilijisemea kwamba nimepangiwa chumba kimoja na mwongo. Mimi sina subira ya kumchunguza mtu polepole. Simu ilipokatika tu nikamuuliza, "Hiyo nyama iko wapi kwenye sahani yako?"

"Ameuliza mboga ya leo," akasema bila kuinua macho. "Mboga ya leo ni nyama. Sijasema nimeila."

Nikaona huyu ni mwongo msomi, wa kuogopwa zaidi.

Jina la Dengu nilimbandika mimi. Alikuwa na kopo la maziwa la zamani dirishani kwetu, ndani yake ameloweka dengu tangu alfajiri, na jioni alikwenda kuwabembeleza wanawake wa usafi wamgawie maji ya moto kwenye chumba chao cha chai ili azilainishe. Kupika vyumbani kulikuwa marufuku. Kwa hiyo alikula dengu nusu mbichi, na usiku tumbo lilimnguruma hadi nikamwambia ama ale kama watu, ama akalale na ngurumo zake huko kwenye kibaraza. Akacheka. Alikuwa na kicheko kifupi, kama mtu anayeomba radhi.

Ilichukua muda kujua kwamba huyu asiyekula nyama alizaliwa na kulelewa kwenye bucha.

Bucha la baba yake ni chumba kimoja chenye vigae vyeupe, kulabu zimening'inia juu ya kaunta, na katikati limesimama gogo la kukatia nyama ambalo kwa miaka limebonyea kama mto wa kulalia. Dengu alifanya hesabu zake za shule juu ya mfuniko wa friza. Jioni kazi yake ilikuwa kulisugua gogo kwa chumvi na brashi ya waya mpaka litoe rangi ya mti. Aliijua kazi ile na hakuichukia. Watu wakisikia habari yake hudhani aliona damu siku moja akazimia, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Damu aliizoea kuliko wino.

Kwao mboga ilikuwa nyama. Neno halikuhitaji maelezo. Majani yaliitwa majani, na yaliwekwa ukingoni mwa sahani kwa ajili ya rangi. Kila siku baba yake alirudi na kifurushi cha karatasi, ndani yake kipande laini kisicho na mfupa wala mshipa, na kilipoiva alikichota mwenyewe kwa kijiko akakiweka kwenye sahani ya binti yake. "Mboga ya mwanangu," alisema. Ni mtu wa maneno machache. Kwa siku nzima ile, hilo ndilo neno lake refu.

Halafu, alipokuwa anamaliza shule ya msingi, nyama ikaanza kumgomea kooni. Hakuna sababu. Anatafuna, anatafuna, haishuki. Mwanzoni aliisukuma kwa maji. Baadaye akawa anaipitisha chini ya meza kwa kaka yake, ambaye hakuwa na maswali. Mama yao aliona, maana mama haponyokwi na jambo la meza yake. Alimwita Dengu jikoni akamwambia, "Usimwambie baba yako. Yule hajui kusema kwamba anakupenda. Anajua kukata nyama. Ukimwambia huli, atasikia kwamba humtaki yeye."

Basi Dengu hakusema. Alikulia kwenye nyumba ile, akamaliza sekondari, akafaulu, akaletwa chuo kikuu kwa hela za gogo lile, na baba yake hadi hapo alikuwa anaamini kwamba amelilea bonge la mla nyama. Ndiyo maana ya lile jibu la kila jioni. Nilipolielewa nilikoma kumwita mwongo, ila kumtania sikuacha.

Sasa, bwalo letu. Ni ukumbi mrefu, meza za bati zimepigiliwa sakafuni tusije tukazihamisha, na mwisho wake kuna dirisha la kugawia chakula. Nyuma ya dirisha alitawala mpishi mkuu tuliyemwita Jenerali kwa sababu ya kofia na kwa sababu ya sauti. Chakula chake kilikuwa kitamu, nisimsingizie. Lakini kila sufuria ilipitiwa na mfupa. Kabichi aliikaanga kwa mafuta aliyoyaengua juu ya mchuzi wa nyama. Maharage alichemsha na mifupa ya goti. Mchuzi wa nyanya, ambao Dengu aliuamini kwa siku chache, siku moja ulikutwa na kipande cha utumbo kinaelea. Asiyekula nyama alibaki na wali na ndizi.

Siku Dengu aliposhikwa na kizunguzungu kwenye ngazi za maktaba, vitabu vikamwagika mpaka chini, mimi nilikwenda dirishani nikiwa nimevimba.

"Haya maharage ya leo yana mifupa?" nikamuuliza Jenerali.

"Yana baraka."

"Mwenzangu hali nyama."

"Basi achague."

"Achague nini, mvuke?"

Jenerali akaegemea mwiko wake. "Binti, nikianza kumpikia kila mtu kulingana na koo lake, chakula cha leo mtakula kesho. Mimi natii amri. Leteni amri kutoka juu, nami nitawapikia hata mawe."

Nilirudi chumbani nikitukana. Dengu alikaa kitandani ameshika tama, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Unadhani niko peke yangu?"

Hakuwa peke yake. Alianza kusimama kwenye dirisha la kurudishia sahani, anatazama zinazorudi hazijaguswa ni za nani. Akampata dada mmoja wa mwaka wa tatu mwenye vidonda vya tumbo, aliyeishi kwa chai na mkate. Akampata kijana wa uhandisi ambaye imani yake haimruhusu kula kiumbe chochote, na ambaye kwa aibu alikuwa akiwaambia watu kwamba amefunga. Kulikuwa na mwalimu msaidizi aliyekatazwa nyama na daktari, na wengine waliopenda tu kula maharage kwa amani. Hawakujaza hata meza moja. Lakini walipokaa pamoja pale karibu na masinki, kwa mara ya kwanza nilimsikia Dengu akiongea bila kuomba radhi.

Wakakubaliana kupeleka maombi kwa mlezi wa wanafunzi, yaani yule mkuu anayeshughulikia malazi na chakula chetu. Wapate kwanza saini za kutosha. Dengu akaandika bango kwa mkono wake, herufi kubwa za kijani: TUNATAKA MBOGA ZAIDI BWALONI.

"Mbona hujaandika mboga za majani?" nikamuuliza.

"Nikiandika majani wataniita mbuzi. Halafu maharage si majani. Dengu si majani. Mboga inatosha."

Lilikuwa jibu la mtu aliyesoma. Tukalibandika bango mlangoni mwa bwalo.

Watu walipanga foleni kusaini. Sitii chumvi. Tulitegemea kubembeleza, tukajikuta tunawaomba watu wasisukumane. Timu nzima ya mpira ilisaini, kisha nahodha akarudi kuuliza kama anaweza kuwasainia wenzake walio mazoezini. Akasaini yule jamaa wa chumba cha chini ambaye hujulikana kwa kudokoa minofu kwenye sahani za wenzake. Wengine walimpa Dengu mkono. "Umefikiria jambo kubwa, dada," wakamwambia.

"Sikujua kwamba tuko wengi hivi," aliniambia jioni ile, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nami nikamwonea fahari.

Mlezi wa wanafunzi alikuwa mzee mpole, miwani yake ilikaa kwenye paji la uso kuliko kwenye macho. Alizipekua zile saini akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hoja yenu ni ya haki kabisa," akasema. "Mboga moja kila siku inachosha. Hata mimi nisingeweza." Akaahidi kwamba Jumatatu tutaona mabadiliko. Tulitoka ofisini kwake tumeshikana mikono kama watoto.

Jumatatu harufu ilitupokea tukiwa bado uani. Dengu akapunguza mwendo. Tulipofika dirishani kulikuwa na sufuria mbili kubwa mahali palipozoea kukaa moja, na Jenerali amevaa aproni mpya.

"Si mlitaka mboga zaidi?" akasema, na kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake. "Hii nyama ya ng'ombe. Hii kuku. Ijumaa samaki."

Nyuma yetu bwalo likalipuka. Nahodha wa mpira akambeba Dengu mabegani, watu wakagonga vijiko kwenye meza za bati wakiimba jina lake, na mtu akapiga picha. Kwenye picha ile Dengu ameinua mikono juu, mdomo wazi, machozi yanang'aa. Asiyejua atadhani ni furaha. Kwa kweli alikuwa anaomba ateremshwe.

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye, mtoto wa nyumba ambayo mboga ni nyama tangu siku ya kwanza, ndiye aliyeandika mboga akidhani watu watasoma maharage. Kisha nikauona uso wake alipofika chini, nikamshika mkono.

Jioni simu ikalia kama kawaida. "Mboga gani leo?" Lakini sauti ya baba mtu ilikuwa na kitu ndani yake, imejaa.

"Mbili, baba. Nyama na kuku."

"Nimesikia. Kaka yako kanionyesha picha. Nimekwenda kuisafisha iwe kubwa, nimeitundika hapa juu ya mizani. Kila mteja namwambia, huyu wangu, amewapigania wenzake mboga huko chuo kikuu." Kisu kilisikika kikishuka juu ya gogo, maana yule hakuwahi kumsimamisha mteja kwa sababu ya simu. Aliibana simu begani akaendelea kukata. "Umenitoa kimasomaso, mwanangu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Simu ilipokatika, Dengu aliisukuma kando sahani yake, chakula kimepoa.

"Sasa nitasemaje?" akaniuliza.

"Usiseme. Kula wali wako, tumalize chuo."

Niliona ni ushauri mzuri, na kwa siku kadhaa aliufuata. Alikula wali. Watu wakimpita walimpiga bega wakimwita shujaa. Kisha dada wa vidonda vya tumbo akaacha kuja bwaloni kabisa, na yule kijana wa uhandisi akarudia kusema kwamba amefunga. Dengu akalivuta lile kopo la dirishani, akalimwaga.

"Wale walinitegemea mimi," akasema. "Nimewapatia kuku."

Bango la pili halikuwa na neno mboga. Liliandikwa: SUFURIA MOJA ISIYO NA NYAMA. Alisimama nalo mlangoni mwenyewe, na ile foleni ya kwanza hukuiona. Nahodha alisimama mbele yake amekunja uso. "Yaani leo unatugeuka? Unataka watunyang'anye?" Mtu mmoja nyuma akalia kama mbuzi, wakacheka. Nilikuwa naelekea kumrarua yule mtu, Dengu akanishika mkono.

"Nyama yenu siigusi," akawaambia. Hakupaza sauti. "Mimi ni mtoto wa bucha. Nyama ndiyo iliyonisomesha, na sili. Ninaomba sufuria moja tu isiingie mfupa. Zilizobaki zote zenu."

Nilijua alichofanya. Kitu ambacho mama yake alimwambia akifiche amekisema mlangoni mwa bwalo, mbele ya watu wenye simu, wengine wao wa mtaa wa kwao. Nikasaini wa kwanza, paja la kuku likiwa mkono wa pili. Nahodha akatuangalia, akapumua kwa nguvu kama aliyefungwa bao, akasaini. Waliosaini hawakuwa wengi. Walitosha.

Mlezi wa wanafunzi alishusha miwani safari hii. "Si nimewapa mboga?"

"Shikamoo, mzee. Mboga uliyotupa ina miguu," nikasema, kabla Dengu hajanikanyaga.

"Lakini mboga ni kitoweo. Nyumbani kwangu mboga ni nyama."

"Na nyumbani kwetu, mzee," Dengu akasema. "Ndipo nilipokosea. Nilikuomba kwa neno la nyumbani kitu ambacho nyumbani hakipo."

Mzee akamtazama. Alianza kucheka, akakiona kitu usoni mwake, akaacha. Akaandika amri kwenda jikoni: sufuria moja kila siku, isiyopitiwa na mfupa wala mafuta ya nyama.

Siku ya sufuria hiyo, saa chache kabla ya chakula, kaka yake Dengu alimtumia ujumbe. Picha ya bango la pili imefika mtaani. Baba hajaiona, lakini mteja mmoja ameshaanza kuuliza maswali. Ama umwambie leo, ama aambiwe kesho kwenye kaunta yake.

Jenerali alitupakulia mwenyewe. Maharage mekundu, vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa kahawia, nyanya, karoti. "Sikutia mfupa," akasema kwa uchungu. "Imeniuma, lakini sikutia." Akabaki dirishani akichungulia tutakavyokula. Dada wa vidonda alikuwapo. Kijana wa uhandisi alikuwa tayari amerudi kuomba nyongeza. Dengu alishika kijiko, hakukitia mdomoni. Alikuwa anaingoja simu, na ikalia.

"Mboga gani leo?"

Kisu kilikuwa kinafanya kazi juu ya gogo.

"Maharage, baba."

"Nyama imeisha?"

"Ipo. Mimi ndiye nisiyekula nyama, baba. Siku nyingi. Tangu niko nyumbani."

Kisu kikasimama. Tukamsikia mteja akiuliza kama mzigo wake tayari. "Subiri kidogo," baba mtu akamwambia.

Kisha akauliza, "Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na kaka yako?"

"Ndiye aliyekuwa anaila."

"Ndiyo maana kanenepa vile." Hakucheka, wala sisi hatukucheka. "Kile kipande nilikuwa nakitenga asubuhi. Kabla sijafungua mlango. Nakificha, mteja asikione akakitaka."

"Najua, baba. Nilikuwa nakuona." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikipenda. Kukila ndiko kulikonishinda."

Nilimsogezea leso yangu, hakuichukua.

"Ile picha," Dengu akasema, "utaitoa?"

"Niitoe kwa nini?"

"Wateja watakucheka."

"Ulipigania mboga, hukupigania?"

"Nilipigania."

"Basi." Akakohoa. "Hayo maharage yameiva?"

Dengu akatia kijiko mdomoni, akatafuna, yakashuka. "Yameiva, baba."

"Wamekuwekea ya kutosha?"

"Ya kutosha."

"Haya, kula. Mimi nipo."

Hakukata simu. Dengu aliilaza mezani kando ya sahani akaendelea kula, na huko upande wa pili mteja alikuwa bado anasubiri.